Niliziba ufa, bado nikajenga ukuta

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeisikia tangu niko mdogo, nimeiandika kwenye insha za shule ya msingi, na kama mhariri nimeiacha ipite kwenye kurasa za ushauri wa ndoa mara nyingi mno. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza kuuziba ufa, ukauziba vizuri kabisa na rangi ukapaka juu yake, halafu ukaja kujenga huo ukuta vilevile. Mimi niliziba, na nikajenga. Na katikati ya mambo hayo mawili, nusura mtoto wa mtu afukiwe na matofali ndani ya nyumba yangu.

Mambo yalianza mwaka 2018. Mimi na mume wangu tulikuwa na ndoa changa, kazi nzuri, gari dogo la mkononi na akiba ya Sh milioni 20 tuliyoikusanya kwa kujinyima. Yeye alitaka tununue kiwanja nje kidogo ya Dar es Salaam, tukiache kikae. Mimi nilitaka nyumba ya kupangisha. "Kiwanja hakili chakula," alisema. "Lakini pia hakileti kodi," nikamjibu. Tulibishana wiki tatu, na mnajua wenyewe katika nyumba nyingi nani huwa anashinda. Nilishinda mimi.

Kwa nini Kimamba

Kwa wasioijua, Kimamba ni mji mdogo wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kando ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni mji uliolelewa na mkonge. Enzi hizo nchi yetu iliongoza duniani kwa zao hilo, na mwaka 1964 ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Baadaye zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakarudi kuwa vichaka. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliokata mkonge huko. Likizo zangu za utotoni zina harufu ya Kimamba.

Kwa hiyo niliposikia kuna nyumba inauzwa pale kwa Sh milioni 12, moyo ulinidunda. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya kisasa kipande cha Morogoro hadi Makutupora ulikuwa umezinduliwa, na kila mtu aliongelea kituo kitakachojengwa Kilosa. Nikapiga hesabu: walimu, manesi, watu wa reli, wote wanahitaji pa kulala.

Tulikwenda mwezi Agosti. Ukitokea Morogoro unashika njia ya Dodoma, unafika Dumila, unakata kushoto. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, baraza mbele, na mwarobaini mkubwa pembeni unaotoa kivuli cha uhakika. Nyuma kulikuwa na jiko na chumba kimoja, vilivyoongezwa baadaye kwa matofali ya saruji. Rangi ilikuwa mpya kiasi kwamba ilinukia. Nilifurahi sana kuiona hiyo rangi. Siku hizi mtu akiniambia nyumba ya zamani imepakwa rangi wiki ile inayouzwa, namwambia arudi kuitazama mara ya pili.

Si kwamba sikuuliza kitu. Nilizijua habari za mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, tuta la mto Mkondoa lilipobomoka Kilosa, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema na reli ikasombwa. Nikamuuliza dalali, "Maji yalifika hapa?" Akaapa kwamba hayakufika. Nikaridhika. Kumbe nyumba inaweza kuharibiwa na maji ya mvua ya kawaida kabisa, yanayodondoka kutoka kwenye bati lake lenyewe.

Tulilipa. Mume wangu akahamishiwa Mwanza kikazi kwa mwaka mmoja na nusu, na kazi ya kuikarabati nyumba nikabaki nayo mimi. Nikaingia kwa mbwembwe zote: marumaru sebuleni, dari ya jipsamu, milango mipya, grili za chuma kwenye kila dirisha, rangi ya maziwa nje na bluu ndani. Sh milioni 4.2 zikaondoka. Nilipiga picha nikamtumia mume wangu, akanijibu, "Mke wangu wewe ni kiboko." Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Januari 2019 akaingia mpangaji, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Kodi Sh 120,000 kwa mwezi, analipa miezi sita kwa mkupuo. Nikaona maisha si ndiyo haya!

Ugonjwa wa miguu

Mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yanaisha, mwalimu alinipigia simu. "Dada, kuna ufa chumba cha watoto. Na mlango wao siku hizi unakwama." Nikaenda. Ufa ulianzia kona ya juu ya dirisha, ukapanda kwa kufuata viungo vya matofali kama ngazi, ukaishia karibu na dari yangu ya jipsamu. Chini ulikuwa mwembamba kama uzi. Juu kidole changu kidogo kiliingia.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee anayeishi jirani, mwashi wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akafanya jambo lililonishangaza: hakuutazama ukuta. Alitoka nje, akazunguka nyumba akiangalia chini. Akaona bati halina gata, maji yanadondoka moja kwa moja kwenye mguu wa ukuta. Akaona bomba la bafuni linamwaga maji konani, palepale upande wa chumba cha watoto. Akachukua udongo, akaufinya mkononi.

"Mwanangu," akasema, "huu si ugonjwa wa ukuta. Huu ni ugonjwa wa miguu."

Akanieleza taratibu. Sehemu kubwa ya bonde lile ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wanaouita udongo wa mbuga. Ukinywa maji unavimba. Ukikauka unasinyaa na kupasuka, hadi kiangazi unaweza kuingiza mkono kwenye nyufa za ardhi. Nyumba iliyosimama juu yake inainuliwa na kushushwa kila mwaka, na haiinuliwi sawasawa: kona yenye maji inakwenda kivyake, upande mkavu kivyake. Ukuta wa matofali hauwezi kujikunja, kwa hiyo unapasuka. Na sehemu ya kwanza kupasuka ni pale palipo dhaifu, yaani kona za madirisha na milango.

"Inabidi tuchimbe tuone msingi," akasema. "Na hapo juu ya mlango nigonge nione lenta. Ikiwa ninavyodhani, andaa milioni tano, sita, hata zaidi."

Msomaji wangu, nilihisi jasho jembamba. Milioni sita! Niliona sura ya mume wangu aliyetaka kiwanja. Niliona ushindi wangu wa wiki tatu unayeyuka. Nikamwambia, "Mzee, kwa sasa niwekee plasta tu, hayo mengine tutaangalia baadaye."

Akanitazama kwa upole. "Plasta naweza. Lakini sitaki uje useme mimi ndiye niliyekutibu." Akakataa kazi.

Nikatafuta kijana mwingine. Kwa Sh 180,000 akaukwangua ufa, akaujaza saruji, akapiga plasta, akapaka rangi, na mlango akauranda hadi ukafunga vizuri. Ukitazama usingejua kitu. Mwalimu akaniuliza, "Dada, kwa hiyo ni salama?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Salama kabisa mwalimu, nyumba za zamani ndivyo zilivyo." Usiku mume wangu akapiga simu kutoka Mwanza. "Nyumba inaendeleaje?" Nikacheka. "Safi tu, nimepiga rangi kidogo."

Watu wawili niliwaambia maneno hayo siku moja, na wote wawili waliniamini.

Mlango uliobeba ukuta

Vuli ya mwaka 2019 ilikuwa na mvua kubwa kupita kawaida karibu Afrika Mashariki nzima. Desemba, alfajiri moja, simu yangu iliita. Mume wangu alikuwa amerudi Dar kwa mapumziko ya Krismasi, na simu ilikuwa upande wake wa kitanda. Akapokea yeye. Nilimsikia akisema, "Ufa gani?"

Kilichotokea Kimamba ni hiki. Mtoto mkubwa wa mwalimu, wa miaka minane, aliamka akataka kutoka chumbani. Mlango ukagoma. Mama yake akasukuma, wapi. Majirani wakaja, vijana wakasema wauvunje. Yule fundi mzee naye akafika, akamulika tochi juu ya fremu, akapiga kelele: "Msiuguse huo mlango! Ndio unaobeba!"

Lenta ya juu ya mlango ilikuwa boriti ya mbao ya tangu enzi hizo, na mchwa walikuwa wameila ndani ikabaki ganda. Msingi uliposhuka tena konani, ukuta ukapasuka na ile boriti ikavunjika katikati. Kozi kadhaa za matofali zikakaa juu ya fremu ya mlango wangu mpya. Angeivunja mtu ile fremu, matofali yote yangemwangukia yeye, au mtoto aliyekuwa amesimama upande wa pili analia.

Ikabaki njia ya dirishani. Na dirishani nilikuwa nimeweka grili nzuri ya chuma, imechomelewa, haifunguki. Walikata kwa msumeno wa mkono kwa karibu dakika arobaini, mama akiwa nje anamwambia mtoto akae chini ya meza konani. Walipomtoa, mzee akachukua mrunda mrefu, akausukuma mlango akiwa mbali. Ukuta wa juu ukashuka wote kwa pigo moja.

Sisi watu wa Dar tunajua majengo yanavyoua. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kila yanapotokea hayo tunauliza kwa hasira: hivi hakuna aliyejua? Mimi siwezi tena kuuliza swali hilo kwa sauti kubwa, maana nyumba yangu ilikuwa ndogo tu, ya chini, lakini mtu aliyejua alikuwepo, na mtu huyo ni mimi.

"Ulipiga simu ukacheka"

Mume wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisikiliza yote, kuanzia Mei hadi usiku ule, kisha akakaa kimya muda mrefu.

"Nyumba kuanguka ningekusamehe," akasema. "Hela zikipotea tunatafuta nyingine. Lakini miezi sita tumeongea kila usiku. Nilikuuliza, ukacheka."

Nilijitetea kwamba sikutaka kumpa mawazo akiwa mbali. Ulikuwa uongo mwingine na wote tulijua. Ukweli ni kwamba niliogopa kushindwa ule ubishi wa kiwanja. Nilitaka kuwa kiboko. Siku tatu alilala sebuleni, na siku ya nne akaniamsha alfajiri akaniambia, "Vaa, twende Kimamba."

Mwalimu alikuwa amehamia kwa ndugu yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakapotea. Tulimpa pole, tukamrudishia kodi ya miezi sita na fedha za kuhamia, nikamwomba radhi. Alipokea kwa adabu. Kisha akasema maneno ambayo nayabeba hadi leo: "Dada, mimi sikutaka unijengee nyumba nyingine. Ungeniambia tu, watoto wangelala chumba cha mbele. Basi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani ule ufa ni siri yangu, gharama yangu, aibu yangu. Kumbe ilikuwa habari, na wenye haki ya kwanza ya kuipata ni wanaolala chini ya ukuta huo.

Tulivyoitibu miguu

Tulisubiri kiangazi cha 2020. Safari hii tulianza na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kijana mdogo, lakini hakutaka hata kusikia habari za rangi. Alichimbisha mashimo matatu kandokando ya ukuta. La kwanza lilituaibisha wote: msingi ulikuwa wa mawe yaliyoshikwa kwa udongo, kina chake futi moja na nusu tu, umekaa juu ya udongo mweusi. Udongo mgumu wenye changarawe ulikuwa futi nne na nusu chini. Tofauti hiyo ya futi tatu ndiyo niliyokuwa nimeifunika kwa marumaru.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Gata kwenye bati lote, bomba la bafuni likapelekwa kwenye shimo mbali na nyumba, na mfereji wa kutoa maji ya mvua. Nilitaka tukate mwarobaini siku hiyohiyo, akanizuia. Mti mkubwa unanyonya maji ya udongo. Ukiukata ghafla, udongo wa mfinyanzi unarudisha maji yote na kuvimba, na unaweza kupata nyufa mpya upande uliokuwa mzima. Akashauri tuupunguze matawi kidogo kidogo.

Kisha msingi. Hapa ndipo mafundi wenye haraka huwa wanaua watu, kwa sababu ukichimba chini ya ukuta mzima kwa pamoja, nyumba inabaki imekaa juu ya hewa. Mhandisi aligawa ukuta vipande vya mita moja moja, akaviandika kwa chaki: 1, 2, 3, halafu tena 1, 2, 3, hadi mwisho. Wakachimba namba 1 zote, hadi kwenye udongo mgumu, huku namba 2 na 3 zikiendelea kubeba. Wakamwaga zege, wakaacha mwanya wa vidole vinne chini ya msingi wa zamani. Zege lilipokaza wakaushindilia ule mwanya kwa mchanga na saruji mkavumkavu, ili uzito wa ukuta ukae juu ya zege jipya bila kushuka. Wakasubiri. Ndipo wakaenda namba 2, na baadaye namba 3. Kazi ya kuchosha kuitazama, na ukimaliza unaifukia yote. Hakuna mgeni atakayekuja akausifia msingi wako.

Nyongeza ya nyuma ilikuwa inaivuta nyumba kubwa, kwa vile msingi wake ni mwingine na inacheza kivyake. Wakaitenganisha kwa mwanya mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini, kila moja isogee bila kumpasua mwenzake. Nilipoona hivyo nilimwangalia mume wangu, naye akaniangalia. Hatukusema kitu.

Mwisho zikaja lenta na mkanda. Nyumba yetu haikuwa na mkanda wa zege juu ya kuta, ule unaoifunga nyumba yote kama mshipi. Waliegemeza kenchi za bati kwa mirunda, wakatoa kozi za juu upande mmoja baada ya mwingine, wakafunga nondo nne za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Ncha za nondo waliziacha zimechungulia sentimita 60 ili zishikane na kipande kinachofuata. Zege lilikuwa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Lenta zote za mbao zikatolewa, zikawekwa za zege. Na yule fundi mzee, ambaye safari hii alikubali kazi yangu, akasimamia umwagiliaji asubuhi na jioni kwa siku saba, magunia mabichi juu ya zege. "Zege ni kama mtoto mchanga," alisema, "ukilipa jua mapema halikui." Mirunda haikutolewa hadi mhandisi aliposema, na zege lilihesabiwa limekomaa siku ya 28.

Plasta je? Hatukupiga. Mhandisi alitaka nyumba ipite vuli na masika ikiwa uchi, tuone kama inasogea. Tulichora mistari ya penseli kwenye ncha za nyufa za zamani na kuandika tarehe. Juni 2021 mistari ilikuwa palepale. Ndipo tukafunika, na Agosti akaingia mpangaji mpya.

Hesabu ya ukweli

Sasa tuongee hela, maana kurasa nyingi za uwekezaji huishia kwenye picha nzuri. Kazi ya msingi, lenta na mkanda ilikula Sh milioni 9.6. Sh milioni 3.8 zilikuwa ndizo zilizobaki kwenye akiba, nyingine 5.8 zilitokana na kuuza gari. Ukijumlisha na bei ya nyumba na yale mapambo yangu ya mwanzo, tulitumia Sh milioni 25.8, karibu milioni 26 ukiweka na ile plasta ya siri. Kwa kodi ya Sh 120,000 kwa mwezi, fedha hiyo inarudi baada ya karibu miaka 18. Huo si uwekezaji wa kujitapa nao kwenye vikao.

Kibaya zaidi ni hiki: kama Agosti 2018 ningemlipa mhandisi achimbe shimo moja tu, tungekuwa na sababu ya kuomba bei ishuke, au tungeondoka zetu. Na zile milioni 4.2 nusu yake ilibomolewa wakati wa kurekebisha. Marumaru zilivunjwa, dari ikashushwa, grili zikang'olewa. Siku hizi grili ya kila chumba cha kulala ina dirisha dogo linalofunguka kwa ndani.

Kwa hiyo, wewe na mwenzako mnaotafuta nyumba ya zamani ya kukarabati mpangishe, kabla hamjalipa fanyeni haya:

- Nendeni mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua. Kama muuzaji hawezi kusubiri, waulizeni majirani nyumba hiyo hupasuka wapi.
- Fungueni na kufunga kila mlango na dirisha. Mlango unaokwama au ulioranduliwa upande mmoja una habari zake.
- Tazameni kona za madirisha. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi si kitu. Ufa unaopanda kama ngazi, unaopanuka upande mmoja au unaoonekana ndani na nje, huo unatoka chini.
- Zungukeni nyumba mkitazama ardhi: maji ya bati yanaangukia wapi, bafu linamwaga wapi, miti iko umbali gani.
- Gongeni mbao za juu ya milango. Ikilia kama ngoma, mchwa wameshakula.
- Mwiteni mhandisi aliyesajiliwa, achimbe aone msingi. Na kabla ya kugusa msingi au lenta, ulizeni kibali halmashauri.
- Fedha ya kwanza iende chini, ya pili juu, na ya rangi iwe ya mwisho.
- Mkiona ufa, semezaneni siku hiyohiyo. Kisha mwambieni anayelala humo.

Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu kuliko yote, na lilikuwa bure.

Kuhusu sisi wawili, sitawadanganya kwamba tulirudi sawa wiki moja baada ya zege kukauka. Ilichukua muda. Kuna kipindi alikuwa akiniuliza jambo dogo tu, kama nimelipa umeme, halafu ananitazama usoni sekunde mbili zaidi. Nilistahili. Nilijifunza kusema habari mbaya zikiwa bado ndogo: mshahara umechelewa, nimegombana na dada yako, nimekopa. Mara nyingine tunakasirikiana, lakini tunakasirikiana kwa kitu cha kweli.

Siku hizi tunakwenda Kimamba mara mbili kwa mwaka. Kwenye ukuta wa koridoo tuliacha kipande kimoja bila plasta, chenye ufa wa zamani na mistari yetu ya penseli. Kila mpangaji mpya tunamwonyesha, tunamweleza yaliyotokea, na tunamwomba atupigie simu ukizidi mstari hata kidogo. Mmoja alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaenda kupanga kwingine. Tulimtakia heri.

Na mume wangu akiwa safarini, akipiga simu usiku, haulizi tena nyumba inaendeleaje. Anauliza, "Mama, leo kuna ufa wowote?" Kama upo, namwambia.